Kurasa za Mwisho na Karanga za Héritière

Kuna wanawake wa Kyeshero, mtaa wa Goma, ambao nywele zao hazikuhitaji kusukwa, nao walikwenda kusukwa hivyo hivyo. Walifumua misuko ya juzi, ambayo bado ilikuwa inang'aa, wakaenda kwa Léonie Umutesi na kukaa foleni. Waume zao walidhani ni urembo, na wengine walijivuna kabisa kuwa na wake wanaojipenda namna hiyo. Ukweli ni kwamba kwa Léonie kulikuwa na maiti kwenye kiti, na aliyemuua alikuwa bado hajajulikana.

Maiti ya kitabuni, usishtuke. Léonie alikuwa msusi, na alikuwa msomaji wa hadithi za upelelezi, zile za zamani, zenye nyumba kubwa na mlango uliofungwa kwa ndani, watu wachache wenye adabu nyingi na uongo mwingi. Alizisoma kwa Kifaransa na kuzisimulia kwa Kiswahili, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mtu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mwili wa kutosha na vidole vyembamba ambavyo ungedhani ameviazima kwa mtu mwingine. Barazani pake, kwenye sakafu iliyopangwa kwa mawe meusi ya volkano, kulikuwa na vigoda, kioo chenye ufa na jiko la makaa, ile mbabula ambayo maji ya kuchovya ncha za nywele yalichemkia. Wote walimwita yaya, hata waliomzidi umri, maana dada mkubwa ni dada mkubwa kwa anachokijua.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu, na kwenye utaratibu huo ndiko balaa lilikotokea, kwa hiyo niueleze. Kila asubuhi, maji yakiwa bado hayajachemka, alisoma sehemu moja tu ya kitabu, ile atakayoisimulia siku hiyo. Akifika mwisho wa sehemu hiyo alifunga. Hakufunua mbele hata ukurasa mmoja. Hakuchungulia nyuma. Wateja walipombembeleza aseme tu ni nani, alijibu kwamba hata yeye hajui, na alikuwa anasema kweli. Nadhani ndiyo maana alisimulia vizuri namna ile: hofu iliyokuwa sautini mwake ilikuwa yake mwenyewe.

Utaratibu huo aliurithi kwa baba yake, Florent Habineza, mwalimu wa shule ya msingi huko milimani Masisi. Padri mmoja aliyekuwa anahama parokia alimwachia mwalimu boksi la vitabu, na mwalimu akategemea kupata maisha ya watakatifu. Alipofungua akakuta wauaji watupu. Aliviweka juu ya kabati, mbali na wakaguzi wa shule, na wakati wa mvua, ng'ombe wakiwa wamerudi na maharagwe yakiwa motoni, aliviteremsha kimoja kimoja na kuisomea familia, akigeuza Kifaransa kuwa Kinyarwanda papo hapo bila kukwama.

Ilipobaki sura ya mwisho alikifunga kitabu juu ya goti. Sufuria ilikwisha kuteremshwa, mvuke unapanda, na hakuna aliyepakuliwa. Kila mtu, tangu mama mwenye nyumba hadi mtoto anayeanza kuongea, alitakiwa ataje muuaji na atoe sababu. Aliyesema "nahisi tu" alirudishwa mwisho wa foleni, na maharagwe yakazidi kupoa. Mama yake Léonie alimtuhumu tajiri kila mara, bila kujali kitabu, na inashangaza ni mara ngapi alipatia. Baada ya hapo ndipo baba alifungua na kusoma. Alikuwa akiwaambia watoto kwamba mwandishi mwenye adabu hakufichi kitu; anakiweka mezani mbele yako, halafu anakuzungumzisha mambo mengine.

Vitabu vile havipo tena. Vingine vilibaki Masisi siku familia ilipokimbia, na vile walivyokuja navyo Goma vilimezwa na moto wa mlima wa volkano pamoja na nyumba. Mwalimu Habineza alikufa miaka kadhaa baadaye bila kitabu hata kimoja, lakini akiwa na vyote kichwani. Léonie hakuwahi kulisema hili kwa majonzi. Aliwaambia wateja, "Wengine wameachiwaka shamba na likachukuliwa. Miye baba aliniachia hadisi. Nani atanipokonya?" Na alimshukuru kwa sauti, huku anachana nywele, kana kwamba mzee amekaa kigoda cha pembeni.

Sasa, mtu atauliza: watu waliokimbia vita na mlima, wanatafuta nini kwenye vifo vya kubuni? Mimi niliuliza hivyo hivyo, kabla sijakaa pale barazani. Kwetu huku mtu anakufa, redio inasema uchunguzi umefunguliwa, na uchunguzi unabaki wazi hivyo hivyo mpaka unaota majani. Aliyefanya anaitwa mtu asiyejulikana. Wasiojulikana wamekuwa wengi kuliko tunaojulikana. Lakini kwenye kitabu cha Léonie, hata angekufa mtu mmoja tu, mtu huyo anahesabika. Nyumba nzima inasimama kwa ajili yake. Kila mtu anaulizwa alikuwa wapi. Na mwishoni wote wanaitwa sebuleni, mlango unafungwa, na jina linatajwa. Hiyo ndiyo raha yenyewe, na sioni aibu kusema kwamba mara ya kwanza nilipoisikia nilitokwa na machozi.

Aliyeijua raha hiyo kuliko sisi wote alikuwa Généreuse.

Généreuse alikuwa mkulima wa Kibumba, mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa anaishi kambini Kanyaruchinya tangu vijiji vyao vilipohamwa. Alishuka Kyeshero kufua nguo kwenye nyumba za karibu na ziwa, na siku moja jua kali lilimsukuma kwenye kivuli cha baraza la Léonie. Hakuwa na nia ya kusukwa. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alisikiliza kidogo, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Baada ya hapo kigoda cha karibu na mbabula kikawa chake, na Léonie alimwekea kikombe cha chai bila kumuuliza kitu.

Mambo yake yalijulikana taratibu, kwa vipande. Mumewe, Havugimana, alirudi Kibumba kuangalia maharagwe yao kama yameiva, na hakuonekana tena. Généreuse aliuliza. Mmoja alimwambia alimwona barabarani akiwa mzima. Mwingine alimwambia amekufa, akataja mahali. Mwingine akataja mahali pengine. Mmoja alimwapia kwamba yuko Uganda na ana mke mpya. Kila mtu alikuwa na lake, na kila mmoja alilisema kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona.

Wakati huo Léonie alikuwa anasimulia kitabu ambacho alikinunua kwa Bienvenu, muuza vitabu vya zamani anayetandika turubai pembeni ya barabara mjini. Jalada lilikwisha kubanduka, hata jina hakikuwa nalo. Kilikuwa kitamu kupita vyote. Mzee tajiri, Monsieur Armand, anaishi kwenye nyumba kubwa mlimani, kwenye baridi na ukungu, na Léonie alipoueleza ukungu ule kila mtu aliona Masisi. Miguu ya mzee imekufa. Hainuki kitini bila kushikwa. Nyumbani wamelala watatu: Gaston, mpwa wake, kijana mvivu aliyeachiwa moto wa mchana auangalie akauacha ukazimika, daktari, aliyejaribu kuuwasha upya akaijaza nyumba moshi, na Madame Clotilde, mchumba wa mzee, bibi wa glavu na marashi. Mpishi ameenda harusini. Mjakazi analala kijijini. Wote watatu wanasema walimwacha mzee akiwa hai, anakunywa maziwa yake ya moto, wakaenda kulala mapema. Asubuhi mjakazi anaingia kuwasha moto, anapekua majivu, makaa yanamwangalia yakiwa mekundu, anafurahi kwamba leo hahitaji kiberiti, anageuka kumsalimia bosi, na bosi amekauka. Maziwa yalikuwa na sumu.

Anakuja kuchunguza inspekta mmoja mwenye mafua yasiyopona. Wanawake walimpenda bure. Mama Deborah, jirani muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwenye sauti ya kuita meli ya upande wa pili wa ziwa, alikuwa akimwandikia dawa kila siku: "Wamupatie tangawizi, huyu papa! Anachunguza ginsi gani na pua imeziba?" Muuaji yeye alikwisha kumpata tangu siku ya kwanza. Ni daktari. Kwa Mama Deborah ni daktari kila kitabu.

Inspekta alikuwa amekaribia kuwaita watu sebuleni siku Généreuse alipongoja wateja wapungue, akasogeza kigoda.

"Yaya Léonie," akasema, "kambi inavunjwa. Siku ya posho tunapanda gari, tunarudi Kibumba."

Léonie alisimamisha vidole. Siku ya posho ni Jumamosi, nayo haikuwa mbali.

"Uko na woga?"

"Niko nao. Ila shamba ni letu." Généreuse aliangalia majivu ya mbabula. "Sikuombi kitu, yaya, umenipa chai ya kutosha. Nakuomba tu unimalizie ile hadisi mbele niende. Wa kwangu mutu, hakuna mwenye aliniambia kitu cha kweli. Angalau huyu mumoja, nijue ni nani alimuua."

Léonie aliahidi. Na kwa nini asiahidi? Kitabu kilikuwa nyumbani, kimebaki kipande kidogo. Alipanga: Alhamisi inspekta atume mwito, Ijumaa jina litajwe, wote wakiwepo. Siku ile aliosha vikombe huku anaimba wimbo wa kanisani.

Ijumaa asubuhi, maji yakiwa jikoni, alifungua sehemu ya mwisho. Inspekta alisimama mbele ya sebule. Alipenga kamasi. Alisema, "Mabibi na mabwana, muuaji yuko kati yetu, na jina lake ni," na ukurasa ukaisha. Léonie alifunua. Baada ya ukurasa ule hapakuwa na kitu, ila uti wa kitabu na vipande vya karatasi vilivyochanwa vizuri, kwa mkono uliozoea.

Alivaa viatu na kupanda motari, ile pikipiki ya abiria, hadi mjini.

Bienvenu alikuwa ndio kwanza anatandika. Alikuwa mtu mwema, mwenye tabasamu la kudumu, na pembeni yake mkewe, Héritière, alikuwa anakaanga karanga na kuzifunga kwenye karatasi zilizosokotwa. Léonie alimwonyesha Bienvenu kile kitabu, kisha akaangalia mikono ya Héritière. Ukurasa uliokuwa unasokotwa pale ulikuwa na maandishi ya Kifaransa, yamepangwa vizuri, na alama ya kuuliza mwishoni mwa mstari.

"Munachana vitabu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nyuma tu, mama," Bienvenu akamtuliza. "Mukiliya anafunguaka mwanzo, anaangalia kama ni kizuri, analipa. Nyuma hakuna mwenye anaangalia. Kitabu kinabakia kizima."

"Kizima! Papa Bienvenu, ukikata kuku kichwa, utaniuzia ukisema iko muzima?"

"Na weye ulikiangalia siku ulikinunua?"

Goma nzima, mtu pekee ambaye asingechungulia nyuma ya kitabu kabla ya kukilipia alikuwa yeye, kwa ajili ya heshima ya baba yake. Héritière, maskini, aliacha karanga zikaungua upande mmoja. Alisema karatasi za kitabu kile anazikumbuka, zilikuwa nzuri, hazipitishi mafuta, lakini ni za zamani. Karanga zililiwa na karatasi zikatupwa. Macho yalimjaa. "Unisamehe, mama. Sikujuaka kama kuna mutu anakingojeaka."

"Utunge tu mwisho," Bienvenu akashauri, kwa moyo mmoja. "Weye unajua kusema. Nani atajua?"

Njiani kurudi Léonie aliligeuza neno hilo. Angeweza. Angemtwisha Gaston mauaji, watu wangeridhika, Généreuse angepanda gari na jina mkononi. Lakini alipomfikiria Généreuse aliwaona wale wengine wote waliompa jibu kwa huruma: yuko barabarani, yuko Uganda, yuko shimoni. Yeye angekuwa mmoja wao. Angempa uongo mwingine wa kubeba hadi Kibumba, na huu ungekuwa mbaya zaidi kwa sababu angeuamini. Léonie alilia kidogo nyuma ya motari, upepo ukimsaidia kujifuta.

Barazani walikuwa wamejaa. Vigoda havikutosha; wengine walikaa juu ya madumu. Généreuse alikuwa kwenye nafasi yake, kitenge kisafi, mzigo wake mdogo umekwisha kufungwa. Léonie hakuchukua kitana. Alisimama katikati, akainua kitabu, akawaonyesha mahali palipochanwa, akawaeleza yote.

Halafu Mama Deborah akajishika tumbo.

"Karanga za Héritière? Miye nazikulaka kila siku! Eee Mungu wangu, pengine muuaji nimemukula!"

Walicheka, hawakuweza kujizuia, hata Généreuse. Lakini kicheko kilipokwisha aliinama na kuanza kuokota mzigo wake, na Léonie akaona kwamba anaondoka kama alivyozoea kuondoka kila mahali, bila kuambiwa. Ndipo akamkumbuka baba yake na sufuria ya maharagwe inayotoa mvuke.

"Kaa, Généreuse," akasema. "Kwetu tulikuwaka hatusomi mwisho mbele kila mutu aseme. Baba alisema kila kitu kinakuwaka kimeshawekwa mezani. Hakuna mwenye atatoka hapa. Kila mutu ataje, na atoe sababu."

Chai ilikuwa tayari. Aliifunika na kutangaza kwamba haimiminwi.

Mama Deborah alisimama, akamtaja daktari, na sababu yake ilikuwa kwamba madaktari anawajua. Alirudishwa mwisho wa foleni. Mwingine alimtaja Gaston kwa ajili ya urithi. Ilipofika zamu ya Munezero, binti anayesomea sheria chuo kikuu, ambaye alikuwa amesukwa nusu kichwa tangu jana, alisema Gaston angefaidika, kweli, lakini kuna jambo linamkera. "Madame Clotilde, mezani, alisema hajawashaka moto katika maisha yake. Na hakuna mwenye alimuuliza. Mutu anajiteteaje mbele ya kushitakiwa?"

"Weee!" Mama Deborah aliruka kutoka mwisho wa foleni. "Na ile siku ya chai? Yaya, si ulisema alivua glavu, akatoa kifuniko cha birika ya moto na vidole bure, huku anaongea? Ile ni vidole vya jikoni! Miye nashikaka sufuria vile. Mutoto wa matajiri angelia."

Baraza lote lilianza kusema kwa pamoja. Katikati ya kelele ile Généreuse aliinua mkono, pole pole, kama mwanafunzi.

"Ule moto," akasema.

Wakamgeukia.

"Asubuhi mutumishi alipekua majivu, akakuta makaa iko hai. Kwetu Kibumba ni baridi. Jioni, mbele ya kulala, tunafunikaka moto na majivu, ndipo asubuhi unaupata. Usipofunika, kuni inaisha yote, unakuta majivu bure." Alikuwa anaongea na mbabula zaidi kuliko na watu. "Basi ni nani alifunika? Muzee miguu yake ilikufa, hawezi kuinama. Mupishi alikuwa ku harusi. Mutumishi alilala kwao. Gaston na munganga, moto unawashinda. Amebaki mumoja. Alikaa pale mpaka muzee akaisha kufa, na akitoka, mikono ikafanya yenyewe venye mama yake alimufundisha. Anasema hajui moto, na aliufunika."

Léonie alirudia kitabu chote kichwani, sura kwa sura, na kila kitu kilikaa mahali pake: neno la Munezero, vidole vya Mama Deborah, majivu ya Généreuse. Hakuna mmoja wao aliyekuwa na kitu kizima.

"Clotilde," akanong'ona.

"Nashindwa kuapa kama kitabu kinasema vile," akaongeza, maana alitaka kuwa mkweli hadi mwisho. "Miye mwenyewe sijakisoma."

"Ukipata zile kurasa," Généreuse akasema, "uniambie. Hata kama nimekosea."

Chai ikamiminwa. Jumamosi gari likaondoka.

Baada ya hapo barabara ya Rutshuru, inayopita Kibumba, ilibeba habari nzuri na mbaya, na kwa muda hapakuwa na habari ya Généreuse. Léonie alisimulia kitabu kingine, baada ya kukiangalia nyuma kwanza kwa jicho moja, jingine amelifumba, kuhakikisha tu kwamba karatasi zipo. Alijisikia mwizi, lakini alifanya.

Bienvenu hakulala kwa amani pia. Héritière alihamia kwenye karatasi za saruji, na yeye mwenyewe alituma neno kwa kila muuza vitabu anayemjua, akiwaomba watafute kitabu chenye Monsieur Armand. Ndipo siku moja, kabla ya adhuhuri, akatokea barazani anatweta, kitabu mkononi. Kilikuja na boti ya Bukavu, kina jalada, kina kila kitu. Alikataa kulipwa hata kinywaji. "Nimekihesabia kurasa zote, mama. Sijasoma. Haki ya Mungu, mwisho sijauangalia."

Léonie alikishika kwa mikono miwili. Hakukifungua. Aliifuta mikono mafuta ya nywele, akachukua simu, akapiga namba ambayo Généreuse alimwachia, ya mwanamke wa jirani. Iliita sana. Kundi la wateja lilikuwa limemzunguka: Munezero, Mama Deborah na beseni lake la sambaza, kichwa kimoja cha bibi harusi kilichosukwa robo. Hatimaye ilipokelewa, na wakasikia upepo, na mtu anaitwa kutoka mbali, na miguu inakimbia.

"Yaya?"

"Généreuse, kurasa zimefika. Nisome?"

"Soma. Tuko wengi huku. Niliwahadisia wote tukilima, ila mwisho niliwanyima." Alicheka kidogo. "Kuna mumoja hapa, bwana wake naye hakurudiaka. Anakuja kila siku. Soma kwa nguvu."

Léonie alifungua, akageuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo, kama mwalimu Habineza. Inspekta alipenga kamasi. Alisema nyumba hii iliwalaza watu watatu usiku ule, na ni mmoja tu aliyefundishwa utotoni kutouacha moto ufe. Alisema bibi huyu ni binti wa mchoma makaa, na mzee alikuwa amekwisha kumtambua. Hapo ndipo walipokosea wao: walidhani mtu ameua kwa ajili ya mali, kumbe aliua kuficha aibu ya alikotoka. Inspekta alimgeukia, akamtaja mbele ya wote.

"Clotilde," Léonie akasoma.

Baraza lililipuka. Mama Deborah alimkumbatia Bienvenu, sambaza zikamwagika. Lakini kwenye simu ulisikika upepo tu.

"Généreuse? Uko?"

"Niko." Sauti ilikuwa nzito. "Rudia jina."

"Clotilde."

"Rudia tena, yaya. Wasikie wote."

Léonie aliwaangalia wenzake. Wakaelewa. Munezero alisogea, bibi harusi na robo ya misuko yake akasogea, Mama Deborah akaweka beseni chini, hata Bienvenu akaivua kofia, na wote pamoja, wakiielekea simu ile ndogo, wakalitaja jina la mtu aliyemuua Monsieur Armand, kwa nguvu, likavuka mji na mlima hadi Kibumba.

Upande wa pili wanawake walikuwa wanaongea kwa sauti za chini, na mmoja wao alikuwa analia.

"Aksanti," Généreuse akasema mwishoni. "Aksanti sana, yaya. Huyu tumemujua." Kisha akasema lazima arudi shambani, maharagwe yanaiva, na simu ina mwenyewe.

Léonie alikifunga kitabu, akakiweka juu ya kioo, mahali pa juu kabisa. Alimshukuru baba yake kwa sauti, na padri aliyehama, na mwandishi yule ambaye sasa jina lake lilikuwa jaladani, na Bienvenu, na hata karanga. Halafu akamkalisha bibi harusi sawasawa, akachukua kitana, na kuendelea pale alipoishia.